Blanketi la Watu Wasiosemezana

Blanketi la sufu likiloweshwa kwa maji moto hutoa harufu ambayo siwezi kuieleza vizuri, lakini aliyewahi kulala chini ya yale ya kijivu yenye mistari myekundu ataijua hata akiwa usingizini. Ni harufu ya kondoo, ya moshi wa makaa na ya sabuni ya kipande. Juzi nilikuwa naanika langu juu ya paa la ghorofa yetu hapa Pipeline, jirani yangu wa mlango wa pili akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye swali lake limemkaa rohoni muda mrefu: "Mama Rehema, hivi hili blanketi lako huchafuka vipi? Maana kila Alhamisi wewe na blanketi, blanketi na wewe." Nikacheka tu. Ningeanza kumweleza, mvua ingetukuta pale pale juu.

Basi nawaeleza nyinyi wa rika langu, mliokua kabla watu hawajaanza kufunga milango mchana.

Nimekulia Uani. Ndivyo tulivyopaita sisi wenyewe, ingawa majirani zetu wa mtaa wa Ziwani, hapa hapa Nairobi, walituita "watu wa sufuria moja", wengine kwa heshima na wengine kwa kutucheka. Ilikuwa ploti ya vyumba vilivyozunguka ua mmoja, geti la kijani lililokwaruza chini kila likifunguliwa, mfereji katikati, na kibanda cha mabati kilichokuwa jiko letu sote. Wakazi wake hawakuwa ndugu wa damu. Kuna waliotoka Lamu, kuna waliotoka Isiolo, kuna mama mmoja wa Machakos aliyesilimu ukubwani na bado akisahau akaimba nyimbo za kanisani kwao huku anaosha vyombo, na hakuna aliyemkataza. Walichokuja kufuata pale ni kitu kimoja: kuishi pamoja kwa dhikri, kula pamoja, na kulea watoto pamoja. Mtoto wa Uani aliweza kugombezwa na mtu mzima yeyote na kulishwa na yeyote. Mimi nimechapwa na watu ambao hata sijui majina yao ya pili.

Mkubwa wetu alikuwa Maalim Idi. Msije mkamfikiria mzee wa ndevu ndefu anayenena mambo mazito. Maalim alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni, mtu wa haraka haraka, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na akitafuta nyundo yake mara nyingi alikuwa ameikalia. Lakini Alhamisi baada ya Magharibi, mikeka ikishatandikwa na sisi sote tumekaa duara kwa ajili ya uradi, Maalim alitulia, na sote tukatulia naye. Mpaka leo nikisikia sauti za watu wengi zikitaja jina la Mungu kwa pamoja, polepole, mabega yangu yanashuka yenyewe.

Sasa, duara lile lilikuwa na sharti moja. Hakuna aliyekaa kwenye uradi na kinyongo. Kama mmegombana na hamsemezani, mlikuwa na njia moja tu ya kuingia: mlifue blanketi, na mlikamue, pamoja.

Blanketi lenyewe lilikuwa moja, la kijivu, la marehemu aliyeanzisha Uani, na halikufunika mtu. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Mliletewa beseni kubwa la maji moto, mkakaa kila mmoja upande wake, mkalifua. Kisha mkasimama na kulikamua. Na kama hujawahi kukamua blanketi zito, nikwambie: mtu mmoja haliwezi. Wewe unashika pembe hizi, mwenzako zile, wewe unasokota kulia na yeye kushoto, na ukiachia kwa hasira maji yanakurukia wewe mwenyewe. Lazima umtazame mwenzako ujue anavuta lini. Niliwahi kuwaona wanaume wazima wawili, waliogombea redio siku ya mpira, wakilisokota lile blanketi wakiwa wamenuna kama watoto, na kabla tone la mwisho halijadondoka wakaangua kicheko. Maji moto yalikuwa sehemu ya adabu. Makaa ya Uani yalikuwa ya wote, ya sufuria, ya chai na ya kuogeshea vichanga, hakuna mtu aliyechemsha maji yake binafsi. Kwa hiyo kila mtu aliona makaa ya wote yakiteketea kwa sababu ya ukaidi wenu nyinyi wawili.

Sisi watoto tulilichezea jambo hilo kwa leso za mama zetu. Rafiki yangu Shamsa akinikosea tu, namwambia, "Tutakamua, wewe!"

Mama yangu, Zuhura, aliingia Uani mimi nikiwa bado mgongoni. Baba alikuwa amemrudisha kwao, na kwao wakamwambia hawana nafasi. Inasemekana Maalim alimwuliza swali moja tu pale getini: "Mikono yako inajua nini?" Mama akajibu, "Kukanda unga." Akaingia. Kuanzia siku hiyo mahamri ya Uani yalikuwa ya mkono wake. Alfajiri watu walipanga foleni nje ya geti la kijani, na mahamri yale yalikuwa yamevimba kiasi kwamba ukiyapasua yanakupulizia harufu ya iliki usoni. Mimi nilitamba nayo shuleni.

Aliyekaanga alikuwa Bi Tatu, wa chumba kilichopakana na chetu. Mjane, hana mtoto, mwenye mikono minene na sauti ambayo haikujua kunong'ona. Alhamisi ndiye aliyetumwa Soko la Burma kununua nyama ya sufuria, na wauza nyama walimwita "Mama Hapana", kwa sababu kila kipande walichomwonyesha alisema hapana. Nilimwogopa. Halafu, mwaka niliojiunga na shule, nikaanza kumchukia, kwa sababu alianza kugombana na mama yangu.

Ilikuwa kila Alhamisi. Bila kukosa. Jua likianza kupoa, watu wanapika, wanachekeshana, ghafla Bi Tatu anapaza sauti:

"Zuhura, hii chumvi umeweka au umemwaga?"

"Kama hutaki, usile," Mama anajibu.

"Nisile? Kwani sufuria umekuja nayo wewe?"

"Na wewe kijiko ulikuja nacho?"

Wiki hii chumvi, wiki ile ndoo imewekwa njiani, wiki nyingine nani alichukua kibao cha mbuzi akakuna nazi asikirudishe. Mambo ya kipuuzi kabisa. Wanawake wenzao wanatikisa vichwa, mtu anakwenda kuchochea jiko, na Shamsa ananigonga kiwiko: "Mathe yako na Bi Tatu wanakamua tena." Mimi natamani ardhi inimeze.

Wallahi kilichoniuma zaidi kilikuwa beseni. Wengine wakilifua blanketi walimaliza upesi, waondokewe na aibu. Bi Tatu hakumaliza. Alisimama juu ya kichwa cha Mama, mikono kiunoni, akimwamrisha.

"Ingiza mikono."

"Yanachoma, dada."

"Ingiza, nimesema. Mpaka kwenye viwiko. Hapo."

Mama anafumba macho. Mvuke unampanda usoni. Baada ya muda anataka kuitoa, na Bi Tatu, bila huruma, anasema, "Bado." Tena, "Bado, Zuhura, nimesema bado." Na ukifika wakati wa kukamua, Bi Tatu anazungusha pembe zake kwa nguvu zote kana kwamba anataka kumnyang'anya, Mama kazi yake kushikilia tu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa la maji, nimeuma meno. Nilimwona mama yangu anaunguzwa hadharani na watu wazima wote wanatazama.

Halafu kuna siku niliamka alfajiri nikachungulia jikoni. Mama alikuwa kwenye karai la unga. Bi Tatu akamsukuma kwa nyonga. "Hebu toka hapo, unaniharibia unga." Mama akatoka, akaenda kukaa kwenye mkeka bila neno, na Bi Tatu akaanza kukanda yeye. Nikajua sasa: huyu mwanamke hataki Mama awe na kazi hata moja hapa.

Na hofu yangu ilikuwa na sababu. Mjomba Salim, kaka yake Mama aliyekuwa na duka Kisumu, alitutembelea mara moja moja. Safari moja alikaa kitandani kwetu, akakitazama chumba kuanzia dari hadi sakafu, akasema, "Zuhura, siku ukitoka hapa, mimi sina nafasi ya watu wawili. Mtoto nitamchukua, atasoma huko kwangu. Wewe tutakutafutia pa kukaa." Aliyasema kwa upole, kama mtu anayepanga viti. Mimi niliyekuwa sakafuni nachora nilielewa jambo moja tu: Bi Tatu akifaulu kumtoa Mama Uani, mimi nitapelekwa Kisumu peke yangu.

Kwa hiyo Alhamisi ile Maalim Idi aliposema kabla ya uradi kwamba ana neno, nilijibana ubavuni mwa Mama.

"Zuhura na Bi Tatu," akasema, huku akisafisha miwani kwa kanzu. "Hili blanketi limechoka na nyinyi. Linafuliwa mpaka linaonyesha upande wa pili. Makaa nayo, sisemi. Mnakamua leo, wiki ijayo mnagombana tena. Nimefikiri, nikaona mmoja wenu apumzike kwingine kwa muda, mpaka mioyo ipoe. Simfukuzi mtu. Lakini mmoja apumzike."

Nikafumba macho nikaomba kwa nguvu zangu zote. Ya Rabi, awe Bi Tatu. Ya Rabi, awe Bi Tatu.

"Mimi ndiye mwenye mdomo," Bi Tatu akasema. "Kila mtu anajua. Nitakwenda mimi kwa mpwa wangu, Pipeline."

Nikafumbua macho. Mama alikuwa ameinua kichwa, amefungua kinywa. Bi Tatu akamtazama, si kwa ukali, alimtazama tu, na Mama akakifunga. Siku ile niliitikia uradi kwa sauti kubwa mpaka Shamsa akanifinya. Dua yangu ilikuwa imejibiwa hapo hapo, na nilijiona mtoto mwenye neno mbele za Mungu.

Siku aliyoondoka alifunga matandiko yake ndani ya shuka, akaniita. "Siti, njoo hapa. Mama yako asiguse maji ya mfereji asubuhi. Wewe chota jioni, uyaweke ndani karibu na kitanda, yasiwe ya barafu. Umesikia?"

"Ndiyo."

"Ndiyo nani?"

"Ndiyo, Bi Tatu."

Akanishika kichwa kidogo kwa kiganja chake kizito, akatoka, geti likakwaruza. Nilijisemea: hata akienda zake anataka kututawalia maji yetu. Sikuchota.

Wiki za mwanzo nilikuwa na furaha tele. Hakuna kelele, hakuna beseni, Alhamisi watu wanaingia kwenye uradi moja kwa moja. Ila mahamri yakaanza kulala. Kwanza kidogo, kisha yakawa bapa kama sandali. Wateja wakauliza getini, "Mmebadilisha mpishi?" Mama yake Shamsa akajitolea kusaidia kukanda, Mama akamkatalia kwa tabasamu, akasema ni hamira tu, hamira ya siku hizi mbovu. Na ilikuwa Julai, ile Julai ya Nairobi ambayo jua huwezi kuliona na maji ya mfereji yanakata kama wembe. Nilimsikia Mama akitia udhu wa alfajiri pale nje, na kila akimimina, alivuta pumzi kwa meno.

Nilimkuta asubuhi moja jikoni peke yake. Alikuwa hakandi kwa viganja. Alikuwa anakanda kwa mikono ya mbele, kuanzia kiwiko, ameinama juu ya karai, na machozi yanaingia kwenye unga. Nikamshika mkono. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba kama njugumawe, na vidole vyenyewe vilikuwa vimeanza kwenda upande.

"Nani amekufanya hivi?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Ni baridi yabisi."

"Ni Bi Tatu! Ni yale maji moto aliyokuwa anakuunguza!"

Mama akanitazama, na huku analia akaanza kucheka, kicheko cha ajabu kilichonitia hofu. Akakaa chini, akanipakata ingawa nilishapita umri wa kupakatwa.

"Siti wee. Bi Tatu ndiye mtu wa kwanza kuviona vidole vyangu. Maji moto ndiyo yanayovifungua. Nikiloweka mikono vizuri Alhamisi, siku kadhaa naishi kama mtu. Sasa niambie, hapa Uani nani ananichemshia beseni zima kila wiki asiulize la nini? Ni maji ya blanketi tu hayaulizwi. Yeye ndiye aliyefikiria. Akaniambia, 'Tutagombana, Zuhura. Mimi watu wanajua nina mdomo, hawatashangaa.'"

"Na unga?"

"Alikuwa anakanda yeye. Mimi napima iliki."

Nilikuwa naiona tena miezi yote ile, na kila kitu kilikuwa kile kile, isipokuwa maana yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimeingia hapa na mikono tu," Mama akasema. "Sikuwa na kingine. Wakijua haifanyi kazi, hawatanifukuza, najua, si watu wa hivyo. Lakini habari itafika Kisumu. Na mjomba wako atakuja kukuchukua kwa wema wake." Akanibana. "Bi Tatu aliniapisha nisiseme. Alisema afadhali yeye akose pa kulala kuliko mimi nikose wewe."

Mimi ni mtu wa kulia ovyo, hata matangazo ya sabuni hunitoa machozi, lakini siku ile sikulia. Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Pengine baridi.

Alhamisi ikafika. Mikeka ikatandikwa. Kabla Maalim hajaanza, nikasimama katikati ya duara.

"Mimi nina kinyongo."

Watu wakacheka. Maalim akashusha miwani. "Na nani?"

"Na Mama."

"Amekukosea nini?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. "Ame... ameninyima kaimati."

Uani palikuwa hapajapikwa kaimati tangu Ramadhani. Watu wakacheka zaidi, Shamsa akajifunika uso kwa mtandio. Maalim akasema, "Mtoto na mamake hawakamui. Kaa chini, Siti."

"Hakuna anayekaa kwenye uradi na kinyongo," nikamjibu. "Wewe ndiye unayesema. Mimi sikai."

Naamini Maalim alifikiri ni utundu, na pia naamini alikuwa mtu aliyeshindwa kuvunja sharti lake mwenyewe hata kwa mtoto. "Haya. Leteni maji."

Beseni likaja, mvuke unapanda. Mama alikuja akakaa mbele yangu, hanitazami. Akaingiza mikono. Akafumba macho, na nikauona ule uso, uso niliodhani ni wa mateso, nikaona sasa kwamba ulikuwa wa mtu anayepumzika. Baada ya kitambo akataka kuitoa, kwa haya ya kutazamwa. Nikasema, kwa ukali niliouiga, "Bado, Mama. Bado."

Kicheko kikakatika. Wote waliijua sauti ile ni ya nani.

Tukasimama kukamua. Mimi nilikuwa mfupi kuliko blanketi, limenilowesha mpaka kifuani, nasokota kulia kwa nguvu zangu zote za kitoto. Mama akajaribu kufunga vidole. Havikufunga. Akajaribu tena. Blanketi likaponyoka, likaanguka chini, na maji yakatambaa mpaka chini ya mikeka. Mama yake Shamsa akainuka kumsaidia.

"Kaa, dada," Mama akasema. Akainua mikono yake miwili juu, mbele ya wote. "Itazameni. Bi Tatu hajagombana na mimi hata siku moja. Alikuwa ananitafutia maji moto. Na mahamri mliyosifu mwaka mzima yalikuwa yake. Mimi sina mikono tena, jamani. Na huyu mtoto sitaki achukuliwe."

Maalim Idi alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kisha akainuka akaanza kutafuta viatu vyake.

"Maalim, na uradi?" mtu akauliza.

"Uradi gani? Nimemkosea mtu, naye hayupo hapa. Mimi sikai." Akavaa kiatu kimoja, akageuka kwa Mama. "Zuhura, nilikuuliza mikono yako inajua nini kwa sababu sikujua niseme nini mbele ya mwanamke anayelia. Haukuwa mtihani ule. Na huyo kaka yako akija, atanikuta mimi getini." Akavaa cha pili. "Nani anaijua njia ya Pipeline?"

Bi Tatu alirudi kesho yake baada ya swala ya Ijumaa. Maalim ndiye aliyebeba matandiko yake, kichwani, kupitia Ziwani yote, watu wanatazama. Tulimkimbilia. Nikampa shikamoo yangu ya kwanza iliyotoka moyoni, akaitikia marahaba, akanishika kichwa. Akamsalimia kila mtu, mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama, alimpita kama anavyopita nguzo ya kamba ya nguo.

"Dada," Mama akamwita.

"Nilikuapisha," Bi Tatu akasema bila kugeuka, akaingia chumbani kwake.

Safari hii ilikuwa kweli. Hapakuwa na chumvi wala ndoo. Aliamka alfajiri akakanda unga, Mama akapima iliki, hawakusemezana. Mahamri yakavimba tena, wateja wakafurahi, na wale wawili kimya. Nilimsikia Bi Tatu akimwambia mama yake Shamsa, "Mimi nimelala sakafuni Pipeline kwa ajili ya siri ile, yeye ameimwaga mbele ya watu kama maji ya vyombo." Mama alijua anasikika, akainamisha kichwa. Uani kote watu walitembea kwa kunyata. Walikuwa wamegombana miezi na miezi kwa uongo, na hakuna aliyekosa usingizi, na sasa waligombana kweli, bila neno, na hata chai haikushuka.

Alhamisi, Maalim mwenyewe alichochea jiko. Alileta beseni, akaliweka, akarudi kwenye mkeka wake bila kusema kitu. Blanketi likatiwa. Mama akakaa upande wake. Bi Tatu akachelewa, kisha akaja, akakaa upande wake, uso kautazamisha ukutani. Mama akaingiza mikono ndani ya maji. Hakuna aliyemwamrisha. Mvuke ukapanda katikati yao. Baada ya kitambo Mama, labda kwa aibu, akaitoa.

Bi Tatu alikuwa bado anatazama ukuta.

"Bado," akasema.

Mama akairudisha. Na Maalim Idi, ambaye hakuwahi kuanza uradi kabla ya blanketi kukamuliwa, akauanza.

Mjomba Salim alikuja mwisho wa mwaka, na kweli Maalim alimpokea getini na nyundo mkononi, sijui alisahau kuiweka chini au vipi. Walizungumza sana. Nilibaki. Maji moto ya Mama tangu hapo yalichemshwa asubuhi na jioni, bila blanketi, na nikapewa mimi kazi ya kuyachota.

Mama ametangulia, Mungu amrehemu. Maalim naye. Uani paliuzwa na mwenye ardhi, pakaota ghorofa, na sisi tukatawanyika, wengine hata sijui walipo. Blanketi nililichukua mimi, hakuna aliyelipinga hilo. Na Bi Tatu nilimchukua pia. Anaishi nami hapa, ghorofa ya nne, analalamikia ngazi, analalamikia majirani, analalamikia nyama ya siku hizi.

Msimu wa baridi uliopita nilimwona anashindwa kufunga kifungo cha gauni. Nikatazama vidole vyake, nikajua. Nikamletea beseni la maji moto pale alipokaa. Akanikodolea macho. "La nini hili? Mimi nina ugonjwa gani? Usiniletee uzee wako." Nikalirudisha. Siku nyingine nikajaribu tena kwa maneno matamu, akanuna mpaka usiku. Huyu ni mtu aliyezoea kutoa maji moto, hakufundishwa kuyapokea.

Basi Alhamisi iliyofuata nikaonja mchuzi wake, nikaweka kijiko chini, nikapaza sauti mpaka jirani wa mlango wa pili asikie.

"Bi Tatu, hii chumvi umeweka au umemwaga?"

Akageuka polepole. Alinitazama muda mrefu, na midomo yake ikacheza kidogo, kisha ikakaza.

"Kama hutaki, usile," akasema, akaanza kupandisha mikono ya gauni lake.